Gangilonga kwa Miguu: Namna ya Kumtembeza Mgeni Mtaa Usio na Kelele

Mjomba wangu alipokuja Iringa kutoka Tanga kwa mara ya kwanza, alikaa siku mbili barazani amejifunika blanketi. Siku ya tatu akauliza, "Sasa huku kwenu watu hutazama nini?"

Nyumbani kwetu ni Gangilonga. Bahari hakuna, soko la usiku hakuna, na muziki ukipigwa kupita saa nne usiku jirani anampigia simu mwenyekiti wa mtaa. Ukipita saa nane mchana utamkuta mlinzi anasinzia, mbwa kalala getini, dada wa kazi anaanika nguo, basi. Sikumlaumu mjomba.

Tangu siku ile nimetembeza wageni wengi, na mwanzoni niliwatembeza vibaya. Nilifanya kama wafanyavyo wengi: asubuhi mjini, mchana chakula, jioni ndio tunapanda kwenye jiwe la Gangilonga, mwamba mkubwa ulioupa mtaa jina, kupiga picha za jua likizama. Mgeni anafika juu miguu imeshachoka, kichwani amejaza tarehe asizojua azipeleke wapi. Siku hizi nageuza safari. Tunaanzia juu ya jiwe asubuhi na kushuka. Ukiwa juu unaona kwa nini kila aliyetaka kuitawala Iringa alilitaka kilele hiki au mteremko wake, na ukishuka unakutana na alama zao moja baada ya nyingine. Nusu siku inatosha. Mwongozo huu unafuata mpango huo.

Kwanza: msimu, siku na saa

Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani hulijua hilo kwa meno kabla hajalijua kwa ramani. Juni hadi Agosti ni baridi kavu yenye upepo. Mvua huanza kuelekea mwisho wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo kila kitu ni kijani, lakini jiwe linateleza kama sabuni ya kipande. Mimi hupenda Mei, majani yakiwa bado mabichi na njia zimekauka, au Oktoba, mijakaranda inapomwaga maua ya zambarau barabarani na wafagiaji wanalalamika.

Jumamosi ni bora kuliko Jumapili. Jumapili nusu ya wazee unaotaka kuwasalimia wako kanisani hadi saa saba.

Toka nyumbani saa moja na nusu asubuhi ili saa mbili uwe juu, ukungu unapoanza kukatika. Vaa sweta la kuvua na kufunga kiunoni, maana saa nne jua linachoma. Miguuni vaa raba zenye soli inayoshika. Mjomba alikuja na makubazi yake ya Kitanga. Mita tatu za mwisho wakati wa kushuka alizimaliza kwa makalio, na suruali yake ya kitambaa haikuvaliwa tena msikitini.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka: usipande peke yako, wala usikae juu hadi giza liingie. Mtaa ni mtulivu, na utulivu huohuo unamfaa kibaka, kwa kuwa ukipiga kelele hakuna wa kusikia. Simu yangu ya pili ilichukuliwa palepale, saa kumi na mbili na nusu jioni, nimeinyoosha mkono kupiga hilo jua maarufu. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda asubuhi.

Pili: fika, na usalimie

Anayetoka mkoani anashuka stendi kuu ya Igumbilo, chini bondeni, kisha anapanda mlima wa Ipogolo kuingia mjini kwa daladala au bajaji. Usiupite mlima ule umefumba macho. Bonde unaloliacha nyuma ni la mto Ruaha Mdogo, na ukuta wa mlima unaoupanda ndio uliofanya uwanda wa juu uwe rahisi kulindwa. Dereva wa bajaji mwambie "Gangilonga, jiweni." Bei patana kabla hujakaa.

Ukishuka, salimia watu. "Kamwene" ni salamu ya Kihehe ambayo hata Mchaga aliyehamia juzi anaijua, na kwa mzee unaongeza "shikamoo" yako bila kubana. Naisisitiza kwa sababu ya kiutendaji. Mtaa huu una walinzi wengi, na mtu anayetembea polepole akitazama mapaa ya nyumba za wenzake huonekana kama anapanga jambo. Ukimsalimia mlinzi wa kwanza na kumwambia unampeleka mgeni jiweni, habari itakutangulia geti hadi geti. Ukipita kimya, utaulizwa, na utakuwa umestahili kuulizwa.

Beba maji, beba hela ndogondogo. Ukiambiwa kuna kiingilio, lipa na udai risiti.

Tatu: panda jiwe

Kupanda kwenyewe si kazi. Mtoto wa darasa la tatu anapanda akiimba. Jiwe ni mwamba mkubwa wa matale, mgongo wake umekwanguliwa na upepo na mvua, una madoa ya kijivu na rangi ya machungwa kama ukurutu mkavu. Ukikaribia utaona majina: wapenzi, wahitimu wa kidato cha nne, timu za mpira, mengine kwa chaki na mengine, kwa bahati mbaya, kwa rangi ya mafuta. Kwenye nyufa kuna vizibo vya soda. Kwa vijana wa hapa jiwe ndilo kijiwe, na wamelitumia hivyo tangu mimi ni mdogo.

Mkalishe mgeni kwanza, apumue. Kisha mwelezee jina.

Kihehe kinaita jiwe *liganga*, na *kulonga* ni kusema. Hata Kiswahili cha zamani kinalijua neno kulonga. Gangilonga ni jiwe linalosema. Mgeni akitilia shaka, mkumbushe Tosamaganga, misheni ya Wakatoliki iliyo ng'ambo kule. Humo mna *maganga* yaleyale, na jina zima ni "tupa mawe". Nchi hii imejaa mawe, na watu wake wameyapa kazi.

Sasa hadithi. Wazee wanasimulia kwamba Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, alikuwa akija hapa kukaa na kutafakari, na kwamba jiwe lilimwambia Wajerumani wanakuja. Wako wanaosema alisikia sauti, wako wanaosema alisikia mwangwi wa watu wakizungumza bondeni, na wako wanaocheka na kusema mtu mwenye akili akikaa juu ya kilele kama hiki haambiwi na jiwe, anajionea mwenyewe vumbi la msafara. Mimi simkatalii yeyote. Nikiwa mtoto nilibandika sikio pale kwenye ufa mkubwa, nikasikia upepo na kengele ya mbuzi wa mtu. Lakini mimi si Mtwa.

Ushauri wangu ni huu: hadithi isimulie kama hadithi, kisha utenge yaliyoandikwa. Wageni hawapotezi ladha kwa kufanya hivyo. Wanaongeza maswali.

Yaliyoandikwa ni haya, na ni vizuri kuyasema ukinyoosha kidole. Kaskazini mashariki, njia ya kwenda Dar es Salaam, ndiko Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilivamia msafara wa Wajerumani pale. Kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walikuwa wamemwita Nyundo, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na Wahehe wakaondoka na bunduki kwa mamia. Kambi ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, imechukua jina huko, na nimeshangaa ni watu wangapi wamepanda daladala za Lugalo miaka yote bila kulijua hilo.

Geuka magharibi. Nyuma ya yale mabonde, kama kilomita 15, ni Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, yaliyozungushiwa ukuta mkubwa. Ngome kwa Kihehe ni *lilinga*, na hapo ndipo lilipotoka jina Iringa. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaibomoa Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakushikwa. Alipigana vita vya kuvizia miaka karibu minne, hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai.

Mwisho tazama chini, mjini. Mwaka 1896, Mkwawa akiwa bado porini, ofisa wa Kijerumani Tom von Prince alijenga kituo cha kijeshi kwenye uwanda huu na kukiita Iringa mpya. Jina likahama na wenye bunduki. Ukimwambia mgeni kwamba Iringa anayoitazama siyo Iringa ya kwanza, utamwona anageuka tena kutazama magharibi. Hapo ndipo najua matembezi yamekwisha kushika.

Kaeni nusu saa. Msiondoke na vizibo vyenu mmeviacha nyufani.

Nne: shuka ukizisoma nyumba

Hapa ndipo watu wengi wanapita mbio, na mimi ndipo ninapotembea polepole kuliko popote.

Miji ya Tanganyika ya wakoloni ilikatwa vipande: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni huwekwa kwenye mwinuko, penye hewa na miti, viwanja vikubwa, mbali na moshi wa majiko. Gangilonga ilikuwa upande huo wa kisu. Baada ya uhuru wakaingia maofisa wa serikali, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikauza nyumba zake nyingi nchini kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo. Tabaka hizo tatu unaziona kwa macho ukijua pa kutazama.

Anza na paa. Vigae vyekundu na dohani juu yake ni nyumba ya wakati wa mkoloni, au imejengwa na fundi aliyefundishwa nao. Dohani ni ushahidi mzuri, kwani ni miji michache ya Tanzania ambako mtu alijenga sehemu ya kuotea moto sebuleni. Bati lililopakwa rangi ya bluu au kahawia, lenye mikunjo ya kuiga vigae, ni la juzi: bati la msauzi. Nyumba moja ikiwa na vyote viwili, vigae mbele na msauzi nyuma, ujue ilinunuliwa, familia ikakua, na fundi akaongezewa kazi.

Kisha madirisha. Fremu za chuma zenye vioo vidogovidogo ni za zamani. Alumini ya kusukuma ni ya sasa. Kati yake kuna kipindi kirefu cha nondo na wavu wa mbu, na nyumba nyingi hazijatoka humo.

Tazama nyuma ya nyumba. Kijumba kidogo cha vyumba viwili, kimepewa kisogo na nyumba kubwa, kina mlango wake na choo chake nje: hiyo ni boi kota. Mtumishi alitakiwa awe karibu wa kuitwa na mbali wa kutoonekana. Siku hizi zinapangishwa kwa wanafunzi wa vyuo, na mji huu una vyuo vingi kwa ukubwa wake. Nimewahi kupanga kimoja mwenyewe. Dirisha lake lilikuwa juu kiasi kwamba aliye ndani anaona anga tu.

Uzio nao unasema. Ua wa michongoma uliokatwa sawasawa ni wa zamani na unahitaji mtu mwenye mkasi na subira. Ukuta wa matofali wenye geti la chuma ni wa baada ya watu kuanza kuogopana. Miti mikubwa kandokando ya barabara, mijakaranda na mikaratusi, ilipandwa kwa mstari na mtu aliyekuwa na kamba na amri. Mpichi, mparachichi na mgomba ndani ya uwanja umepandwa na mama mwenye nyumba.

Mwaka 2022 zoezi la anwani za makazi lilileta vibao vya majina ya barabara na namba kwenye milango. Vinasaidia sana kumwelekeza mtu, lakini kwa historia usiviamini peke yake. Baadhi ya njia zilipewa jina siku hiyohiyo. Muulize mzee, "Hapa zamani palikuwa panaitwaje?" Mara nyingi kuna jina la pili, la mti uliokwishakatwa au la mtu aliyekuwa na duka.

Na hapa kuna sheria za adabu. Nyumba ya mtu haipigwi picha bila ruhusa, na nyumba za viongozi hazipigwi kabisa. Usichungulie getini. Ukitaka kuona ndani, omba, na uje na kitu mkononi, hata sukari kilo moja.

Nilimpeleka mjomba kwa bibi mmoja mstaafu ninayemfahamu, anayeishi kwenye nyumba ya dohani.

"Shikamoo mama," mjomba alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja.

"Marahaba. Kamwene. Huyu katoka pwani, namwona anavyotetemeka. Ingieni."

Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa miaka mingi hadi ikawa na mng'aro wa kiatu cha polisi. Sebuleni, sehemu ya moto ilikuwa ya matofali, na mdomo wa dohani umezibwa kwa gunia lililoshindiliwa. Mjomba akauliza kwa nini.

"Bundi," bibi akajibu. "Mwaka wa kwanza tulipohamia aliingia akakaa mle. Marehemu mume wangu hakulala siku tatu. Tangu hapo gunia, na moto nawasha wa mkaa." Akaonyesha jiko lake la mkaa, limekaa palepale kwenye tumbo la matofali, kana kwamba ndilo lililojengewa.

Mjomba alilitazama lile gunia kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jiwe. Tulipotoka nilimkumbusha bibi afungue dirisha anapowasha mkaa. Akanijibu kwamba amekuwa akiwasha mkaa kabla sijazaliwa, lakini akafungua.

Tano: ingia mjini, usizidishe

Kutoka Gangilonga hadi katikati ya mji ni mteremko wa kutembea. Kabla jua halijawa kali nenda kwanza kwenye Boma la zamani. Ni jengo la Wajerumani, lilianza kama hospitali, Waingereza wakalifanya ofisi za utawala baada ya kuuteka mji Agosti 1916, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kwa asiye na muda wa kwenda popote pengine, hapa panatosha, na ukiwa umetoka juu ya jiwe vitu vilivyomo vinakuwa na mahali pa kukaa kichwani. Mgeni aliyeanzia hapa husoma maandishi ya ukutani, akiyamaliza amesahau ya kwanza.

Karibu na kituo cha polisi kuna mnara wa kumbukumbu ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Simama, tazama, endelea. Kamera iwe mfukoni unapopita mbele ya polisi. Mitaa ya Uhindini ni ya ghorofa moja moja, duka chini, makazi juu, na juu ya mapaa unaona mnara wa saa wa jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia. Majengo ya namna hii mengi nchini yalitaifishwa 1971, sheria ilipochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Ukiona jengo zuri ambalo rangi yake inabanduka na kila chumba kina mpangaji wake, kuna uwezekano mkubwa unaitazama sheria ile.

Majina ya mahali pia yasome. Kuna hospitali inaitwa Frelimo, na uwanja wa mpira unaitwa Samora. Ni kumbukumbu ya miaka ambayo Tanzania ilikuwa nyumba ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Chuo cha Ualimu cha Klerruu kina jina la Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa aliyepigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi huko Ismani siku ya Krismasi ya 1971, wakati wa mvutano wa ardhi na vijiji vya ujamaa. Habari hiyo usiisimulie kwa sauti kubwa hotelini. Wahusika wa pande zote mbili wana watoto na wajukuu, nao wanakula ugali meza ya jirani.

Sokoni nunua kikapu. Vikapu vya Iringa husukwa na akina mama kwa milulu, nyasi za majimaji, na kilicho kizuri hakionyeshi mwanga ukikiinua juani. Kijaribu hivyo kabla hujalipa.

Ukingoni mwa mji kuna makaburi ya askari wa vita vikuu, yaliyopangwa safu na kufyekwa vizuri. Wengine hupenda kufika. Mimi hupeleka tu anayeomba.

Sita: kwa mgeni mwenye siku ya pili

Kama ana siku moja zaidi, mpeleke Kalenga, siyo mbugani. Mbuga haikimbii. Kalenga kuna makumbusho madogo, na ndani yake fuvu la Mkwawa. Baada ya kifo chake kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, ulitaja kwamba kirudishwe. Kilirudi miaka 35 baadaye. Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akalichagua fuvu kati ya mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa ukoo, na tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga. Aliyelipokea ni mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Usimwelekeze mgeni cha kuhisi pale ndani. Simama nyuma, kaa kimya.

Mlambalasi ni mbali zaidi, kama kilomita 50 kwa njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, na ni kwa mwenye gari. Kuna kaburi na pango ambalo watafiti wamekuta alama za watu wa kale.

Isimila iko upande mwingine, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya. Huko kuna zana za mawe za watu walioishi maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita. Zilitambuliwa 1951, zikachimbuliwa 1957 na 1958. Zimelala korongoni kama mtu amezimwaga jana. Kando yake zimesimama nguzo za udongo zilizochongwa na maji, ndefu kuliko nyumba. Shuka asubuhi, maana mchana korongo linakuwa tanuri.

Saba: kula, kunywa, na kumsindikiza

Rudi Gangilonga kwa bajaji. Kupanda mlima na tumbo la ugali na maharage ni adhabu ambayo mgeni hakuiombea.

Kama amekuja wakati wa mvua, atauliza kuhusu ulanzi. Hugemwa kwenye mianzi, na unaofika asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata bibi yako anakunywa. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo bibi anakunywa kwa kipimo. Mweleze mgeni tofauti kabla hajamimina kikombe cha pili. Mjomba hanywi kilevi, kwa hiyo nilimpa mtogwa wa asubuhi ileile, vijiko viwili, akasema ni kama maji ya dafu yaliyosoma shule ya bweni.

Kosa likawa kwamba aliupenda ule utamu, akajaza chupa ya lita moja na nusu kumpelekea shemeji yake, ambaye yeye hana masharti. Hakuniuliza. Akaikaza kizibo kwa mikono miwili kama mtu anayefunga mafuta ya taa, akaiweka kwenye begi lililokuwa kwenye kibebeo juu ya viti. Ulanzi hauachi kuchacha kwa sababu umepanda basi. Kwenye kona za Kitonga, joto limeanza kuingia madirishani, chupa ikapasuka, na abiria watatu wa siti za chini wakafika Morogoro wananuka kilabu, mmoja wao akiwa mchungaji.

Kizibo kiachwe kimelegea, na chupa ishikwe mkononi.